Mkanda wa Tano

Nimesikia leo redioni, nikiziba pancha,
kwamba Jaywant Sarodkar amefariki,
miaka themanini na minane, usingizini, kwake Pune.
Mtangazaji alilitamka jina ovyo.
Nikamsahihisha, peke yangu, gundi ikinikaukia kidoleni.

Mimi nilimjua vipandevipande.
Filamu ilikuja Kisumu nakala moja, majumba mawili:
Jyoti karibu na stesheni, Chandani kule juu, njia ya Kibuye.
Jyoti wakimaliza mkanda, naufunga kwenye keria,
nakanyaga pedali, jua likinigonga utosini,
kwa kuwa Chandani walianza nusu saa nyuma.
Ndiyo maana nilimwona akizikwa
kabla sijamwona akinyonya,
nikamwona akiachana na mke
ambaye wiki iliyofuata alimposa.

Aliyenipangia maisha yake ni Nurbanu wa dirisha la tikiti.
Majarida yalimfikia yamechelewa miezi mitatu,
akanisomea kwa Kiswahili chake cha dukani:
"Huyu baba yake shona viatu.
Huyu ilianza kwa kubeba chai studio.
Siku moja mwigizaji akachelewa, wakamvika koti lake.
Mikono ya koti ikazidi. Lakini macho, bwana,
macho ilitosha."

Filamu kumi na moja akicheza mpenzi,
hadi nywele zikaanza kumkimbia,
naye akachoka kuambiwa asimame wapi.
Akaweka nyumba rehani, akaelekeza filamu yake mwenyewe,
haina wimbo hata mmoja.
Ikaanguka kama gunia la chumvi.
Hata hapa watu walidai pesa zao, na Nurbanu akazirudisha,
akihesabu senti moja moja, amevimba kwa hasira,
si kwao, kwake yeye.

Miaka sita, kimya.

Kisha ile ya ndugu wawili.
Alikuwa yeye mbele ya kamera, yeye nyuma yake.
Wakata miwa walikuja kutoka Muhoroni juu ya trekta,
Kihindi hawajui hata cha kuombea maji,
lakini walilia mahali palipopaswa kuliwa.

Katika mkanda wa tano, kaka mkubwa anasamehe.
Mvua ilinikuta nayo njiani, ile mvua ya kutoka Nandi
isiyobisha hodi. Nikajibanza barazani pa kinu cha unga,
nikafungua kopo. Nilitaka tu
kumwona bila msaada wa taa.
Nikainua utepe mbinguni: mtu yuleyule, mdogo kama kucha,
mara mia, analia.
Sijui nilisimama muda gani.
Utepe uliniponyoka ukateleza mtaroni,
ukajifungua wote katika tope jeusi.

Chandani wakatoka mkanda wa nne wakaingia wa sita.
Kaka akafa na kinyongo chake.
Watu wakatoka bila kusema neno.

Kwa miaka, watu wa juu walishikilia kwamba hakusamehe;
wa stesheni waliapa kwamba alisamehe, tena kwa machozi.
Waligombana vinyozini. Nasikia mtu na mkewe
kule Manyatta walinuniana siku tatu.
Nami nilikaa hapo hapo, nikapuliza chai.

Mshahara ulikatwa shilingi arubaini.
Nurbanu akalipa nusu, hakuuliza kitu,
na alipohamia kwa mwanawe ng'ambo
aliniachia majarida na kiti chake cha chuma.
Jyoti sasa ni ghala la magodoro.

Kutoka mtaroni niliokoa picha moja.
Huishi ndani ya kopo la viraka.
Leo nimeitoa, nimeifuta kwa shati, nimeielekeza juani.
Nimeitazama miaka hamsini, na ni leo tu nimeona:
jicho la kushoto linalia.
La kulia limepinda kidogo, linamtafuta mtu wa taa,
linamwambia, bado, usizime, bado.

"Mzee, baiskeli imekuwa tayari?"
ameuliza kijana wa boda.

Bado, nimemwambia.